Kiti cha Nabii na Pacha Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Chinchvali, Bwana Gharat. Mheshimiwa ngariba, uliyetoka Mumbai kabla ya jogoo. Wazee wa sinagogi. Akina mama mlioandaa malida, sinia yetu ya shukrani. Daktari Mrudula Ranade na kikosi chako cha wajitoleaji kutoka Pune, mlioketi hapo mbele na chokaa bado imo nyweleni. Majirani wetu wote. Na wewe, mgeni rasmi, Benaya mwana wa Avner, uliyelala sasa baada ya kutupigia kelele zilizokustahili: amani iwe juu yenu.

Kwanza naomba radhi. Wajitoleaji hawa walituandikia mwaka jana, mara baada ya masika, wakiuliza kama tungependa waje kwa siku chache watusaidie kazi za mikono. Hatukujibu. Wakaandika tena, tukanyamaza kama mawe ya makaburi yetu. Haikuwa dharau, ndugu zangu. Tulijiuliza: tutawaonyesha nini? Paa linalovuja? Sinagogi ambalo halijasikia kilio cha mtoto anayetahiriwa tangu Avner mwenyewe alipolia humo? Ni nani anayemkaribisha mgeni chumbani huku kuku wamelala kitandani?

Lakini Alhamisi iliyopita Hadasa, mke wa Avner, alijifungua mtoto wa kiume, na sheria yetu haimbembelezi mtu: mtoto hutahiriwa siku ya nane. Avner, mpwa wangu, ambaye ni fundi umeme, alisema tumpeleke mtoto Thane, kwenye sinagogi lenye paa zima. Mama yake, yaani dada yangu Sipora, mshika funguo wa sinagogi, alimjibu mbele ya mkunga.

"Wewe ni Chinchvalikar, mtu wa Chinchvali. Ukimtahiri Thane, basi umwite Thanekar!"

"Mama, paa litamwangukia mtoto."

"Basi lishike!"

Nikaona heri niwapigie simu wajitoleaji. Nilikuwa nimetayarisha sentensi ndefu, yenye adabu, ya kueleza ukimya wetu. Daktari Ranade hakunipa nafasi ya kufika kwenye kitenzi.

"Tunakuja kesho, Mwalimu. Mna ngazi?"

Wakaja Ijumaa alasiri, wakashika brashi. Jua likazama, Sabato ikaingia, na dada yangu akawanyang'anya brashi zote akazificha nyuma ya gunia la mchele. Siku nzima ya Jumamosi vijana wa Pune walizunguka ua kama bata walionyimwa maji. Lakini Jumapili! Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimefundisha shule miaka mingi, na sijapata kuona watu wakipanda paa kwa furaha kiasi kile bila kufukuzwa na nyuki. Vigae vilipanda, popo walishuka, chokaa ilimwagika ukutani, sakafuni, na juu ya mbuzi wa jirani, ambaye mpaka leo anatembea kwa maringo.

Kikabaki Kiti cha Nabii Eliya. Sote tunajua desturi. Siku ya tohara, Nabii huja. Mtoto hulazwa kwanza kwenye kiti chake, kisha huchukuliwa na mpakataji, anayeketi kwenye kiti cha pili na kumshika mapajani anapotahiriwa. Kiti cha Nabii hakikaliwi na mtu mwingine yeyote, awe rabi, awe waziri. Sasa, kiti cha pili mchwa walikuwa wamekila wakabakiza egemeo tu, na tulikuwa tumekata shauri kuazima kiti cha plastiki katika mkahawa wa chai. Kiti cha Nabii nacho kilikuwa na mguu mmoja mbovu.

Daktari Ranade ni daktari wa meno. Useremala alirithishwa na baba yake, na huufanya siku za mapumziko. Aliutibu mguu ule vizuri, akaupiga msasa, akajifuta mikono, akageuza mgongo kutaka kuketi. Dada yangu alipiga ukelele, popo waliosalia wakahama.

"Wee binti! Unataka kwenda wapi?"

"Nakijaribu, bibi."

"Kikalie, utapelekwa mbinguni kwa gari la moto, na nauli ya kurudi hakuna!"

"Bibi, jino nililoziba simruhusu mwenyewe aondoke nalo kabla hajauma kitu. Na kiti nilichotengeneza sikitoi mkononi kabla hakijakaliwa."

"Atakayelazwa humo ni mtoto. Ana uzito wa nazi tatu."

"Nazi tatu, sawa. Na Nabii?"

"Nabii amefanya nini?"

"Ana uzito gani?"

Ndugu wageni waalikwa, katika karne zote ambazo watu wetu wameishi pwani hii ya Konkan, ni nani aliyewahi kuulizwa swali hilo? Tulikaa wazee wanne kulitafakari. Mmoja alisema Nabii hana uzito, kwa kuwa alipaa. Mwingine akasema ana uzito, la sivyo gari la nini? Wa tatu akauliza kama farasi nao wahesabiwe. Mimi si mtu wa kucheka ovyo, wanafunzi wangu ni mashahidi. Siku hiyo nilicheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya ndoo ya chokaa.

Daktari hakucheka. Alichukua kamba, akakipima kiti kila upande, akaondoka na mbao za msaji zilizobaki kwenye ukarabati wa madirisha. Jumanne alirudi na kiti cha pili, pacha halisi: urefu ule ule, viungo vile vile, mguu uliotibiwa kwa namna ile ile. "Hiki si cha Nabii," alisema, "kwa hiyo nakikalia." Akakikalia. Wakakikalia vijana wawili pamoja. Kisha Bwana Mwenyekiti Gharat, aliyepita kutusalimu tu, akashikwa mkono na kuketishwa kwa heshima zote. Usiudhike, mheshimiwa, ilihitajika hoja nzito. Kiti hakikutikisika. Pacha alipostahimili, nasi tukajua ndugu yake atastahimili. Na tazameni, kiti cha mpakataji kikawa kimepatikana!

Leo asubuhi mmeona wenyewe. Benaya alipolazwa kwenye Kiti cha Nabii, kiti kikalia: kwii. Mara moja tu. Macho yote yakashuka kwenye mguu ule. Ndipo sauti ya Daktari ikatoka kule kwa akina mama: "Tulieni, ni Nabii anaketi!" Tukaangua kicheko, na papo hapo sote tukakumbuka ni nani katika nyumba ile asiyepaswa kucheka hata kidogo. Mheshimiwa ngariba, tunakushukuru kwa kuweka kisu chini mpaka ulipomaliza kucheka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitaja. Avner ameitwa kazini Ashdod, ng'ambo ya bahari, aliko dada yake. Yeye na Hadasa walisema wataamua baada ya tohara. Juzi Avner alipanda mwenyewe akafunga feni mpya ndani ya sinagogi, na mama yake akatutangazia: "Anayetaka kuondoka hafungi feni!"

"Mama, feni ni feni. Usiipigie ramli."

Daktari Ranade alisikia. Alimwita Hadasa kando ya kiti pacha, akamwonyesha kwamba hakina msumari hata mmoja. Kinafunguliwa kwa nyundo ya mbao, kinaingia katika gunia. "Mkienda, kiende nanyi, mdogo wake Benaya naye apakatwe humo atakapozaliwa. Mkibaki, kibaki."

Dada yangu akauliza polepole, "Na cha Nabii?"

"Cha Nabii hakiendi popote, bibi. Mwenyewe ana gari."

Avner, Hadasa, wanangu: hatutawasukuma wala hatutawafunga. Jina Chinchvalikar litakaa juu ya mtoto huyu popote atakapokaa.

Nanyi wajitoleaji, safari hii hamtaandika mara mbili bila jibu. Siku watakapoamua, siku hiyo hiyo nitamwandikia Daktari, maana fundi ana haki ya kujua kazi yake iko wapi. Nitaandika sentensi moja, fupi kuliko zote nilizowahi kuandika: ama kiti kimefunguliwa, ama kimekaliwa. Kwa vyovyote, mwakani mje. Brashi zenu ziko tena nyuma ya gunia, kwa kuwa dada yangu amekataa kuzirudisha.

Naona ameanza kunionyesha sinia kwa kidole. Pepeta inalowa kwa tui, nazi na ndizi zinawangoja, nanyi mmenipa masikio yenu mkiwa na njaa. Kwa hilo, asanteni sana.