Phelista Nabwile na Kaburi la Mgomba

Wasikilizaji wapendwa, leo moyo wangu ni mzito. Phelista Nabwile hayuko nasi tena. Narudia kwa wewe uliyewasha redio sasa hivi: Phelista Nabwile, mwongozaji wa filamu, mzaliwa wa Matulo karibu na Webuye, mkazi wa Kitale. Ametuacha Jumatatu, baada ya kuugua tangu Krismasi.

Huyu mama alikuwa mbishi, jamani! Alianza kwa kupiga video za harusi mjini Kitale, yeye na mpiga kamera wake, Kang'ethe. Bibi harusi akiingia amenuna, Phelista anasimamisha kanisa zima: "Rudi mlangoni, mama, uingie tena!" Na pasta anangoja.

Mwaka wa 2004 akasema sasa anatengeneza filamu yake mwenyewe, habari za mjane. Watu wakacheka. Ati filamu, Matulo? Yeye huyo, akabeba kamera mpaka nyumbani kwa baba yake, Mzee Mukhwana. Mama yake, Nakhungu, alikuwa amezikwa hapo mwaka uliotangulia.

Filamu ilihitaji mazishi. Mzee akiwa sokoni, Phelista aliita vijana wakachimba kaburi shambani. Kaburi kamili, si mchezo. Kang'ethe, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, hakujua lolote. Phelista alijua. Alijua kwamba kwao kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, maana litaita mtu wa boma hilo. Lakini alijiambia ni filamu tu, watalifukia jioni.

Mzee akarudi, akauona ule udongo.

"Phelista! Unamchimbia nani? Mimi?"

"Baba, si ni kuigiza tu."

"Kaburi halijui kuigiza! Zima hiyo mashine!"

Waigizaji wakatawanyika, kila mtu na njia yake. Mimi ningerudi Kitale siku hiyo hiyo, bana. Phelista alipiga magoti, akaomba msamaha, kisha akauliza, "Baba, sasa tufanye nini?"

Mzee akaamuru mgomba ukatwe, uzikwe badala ya mtu. Ukakatwa, ukaviringishwa shuka. Majirani wakaja, wakaimba nyimbo za kanisa kama kwa marehemu yeyote. Na Phelista, bado ana matope magotini, akasema, "Baba, naomba kamera isimame hapa."

"Isimame. Lakini hiyo filamu yako mimi sitaitazama. Sitaitazama!"

Filamu iliisha. Ikaonyeshwa Kimilili, Kibabii, Bungoma mjini, Kitale. Na kila ukumbi, wasikilizaji wapendwa, Phelista aliweka kiti mbele kabisa, hakuna kukikalia. Hata chifu aliondolewa. "Hicho ni cha Baba," alisema. "Atakuja." Miaka ikapita. Mzee hakuja.

Juzi Jumatano, bintiye akiwa bado mochari, Mzee alimwita Kang'ethe Matulo. "Leta hiyo kitu ya mtoto."

Kang'ethe amenisimulia mwenyewe. Walifunga mapazia ya sebuleni, wakakaa wawili. Mazishi ya mgomba yakafika. Lakini kamera haikuangalia kaburi. Ilimwangalia Mzee. Mukhwana, ambaye hakutoa chozi mbele ya watu alipomzika mkewe, alikuwa amesimama nyuma ya majirani, analia, anaita, "Nakhungu, Nakhungu." Filamu inaishia hapo, usoni mwake.

Mzee akasogeza kiti chake karibu na runinga.

"Kumbe aliniona," akasema. "Kijana, rudisha mwanzo."

Phelista Nabwile atazikwa Jumamosi, Matulo, karibu na ule mgomba na karibu na mama yake. Mzee ameomba Kang'ethe aje na kamera. Kwako Mzee Mukhwana, kwa ndugu na majirani wote wa Matulo, na kwako Kang'ethe, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiza, jikoni au shambani, fikiria kidogo. Kama kuna mtu amekuwekea kiti mahali, nenda ukakikalie angali hai.