Tangi Lililokunywa Dawa ya Nyanya

Kamwene, ndugu zangu. Kamwene tena, wale wa nyuma sijawasikia. Mchungaji amenipa nafasi ya kutoa ushuhuda, na sitataja jina la mtu. Mhusika mkuu yumo humu ndani na tayari ananicheka.

Nilizaliwa Uyole, nikaacha shule darasa la tano. Nilikuwa na maswali mengi kuliko mwalimu alivyopenda, halafu siku moja lori likasimama, nikapanda. Nimekuwa utingo, nimebeba mpunga Ubaruku, na huko huko mashineni nikajifunza kuchomelea kwa kumtazama fundi. Tabia yangu ilikuwa moja: nikiharibu kazi, nahama. Ubovu wa kazi zangu sikuwahi kuujua ulitoka wapi, kwa sababu sikusubiri kuuona.

Nilipofika hapa Iringa, akina mama wa kikundi cha nyanya wakanipa kazi. Dawa yao ya ukungu mnaijua: mrututu, zile chenga za bluu, unaulowesha usiku kucha, asubuhi unachanganya na chokaa. Walikuwa wakiloweka kwenye pipa la plastiki. Nikawacheka. "Plastiki ni ya kuchezea watoto," nikasema. Nikawachomelea tangi la chuma, nene, lenye koki chini. Ndugu zangu, nawaambia, nililipiga picha!

Asubuhi ya kwanza mama mwenyekiti, huyo huyo anayenicheka, akachungulia. "Fundi, mbona dawa imekuwa kama maji ya mlenda? Yetu huwa bluu."

"Chuma kipya hicho, mama. Itazoea."

Wakapima kama walivyofundishwa na mama zao, kwa kutumbukiza kisu kilichosuguliwa. Kisu kikitoka chekundu, dawa bado ni kali, itaunguza majani, ongeza chokaa. Kikitoka kama kilivyoingia, nyunyiza. Kisu kikatoka safi. Tukashangilia, wakanyunyiza. Tukafanya hivyo kila wiki.

Mvua zikakaza, ukungu ukaingia. Shamba la bondeni likawa jeusi, majani hadi matunda. Wengine wakalaumu mbegu, wengine mvua. Lilibaki shamba la juu, ambalo ndilo lingewafikisha msimu mwingine. Na tangi langu likaanza kuvuja pale kwenye koki. Nikakata kile kipande kilicholiwa, nikasema naenda mjini kutafuta kingine kama hicho. Nilikuwa nahama.

Nikiwa barabarani nasubiri lori, nikakitoa kile kipande. Upande wa ndani ulikuwa mwekundu. Nikadhani kutu, lakini kutu haing'ai. Nikakwangua kwa msumari. Shaba! Nikajiuliza, nani ameweka shaba humu? Mimi sikuweka. Maji hayana. Basi imetoka kwenye mrututu. Kumbe bluu ya dawa na wekundu wa kisu, vyote ni shaba hiyo. Shaba ndiyo iliyokuwa inaua ukungu, na chuma changu kilikuwa kinaivuta usiku kucha, nacho kinaliwa. Kisu kilitoka safi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kukipaka. Tulikuwa tunanyunyizia nyanya uchafu wa tangi.

Lori likasimama. Ndugu zangu, lori lile lilikuwa na nafasi. Nikamwambia dereva aende.

Mama mwenyekiti akaniona natokea. "Umesahau koleo?"

"Hapana, mama. Nyanya za bondeni nimeziua mimi."

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unatoroka. Sasa hapa huondoki. Shamba la juu bado lipo. Tuoneshe nini kinafaa."

Tukapanga chupa mezani kwake, kila moja na mrututu, tukatumbukiza vyuma. Msumari ulikuwa mwekundu kabla chai haijapoa. Kipande cha bati kikawa cheusi. Kijiko cha stenilesi, chuma kile kisichoshika kutu, hata kesho yake kilikuwa kijiko. Koki ya shaba ya njano nayo ikatulia. Pipa la plastiki likarudi kazini, na koki ya shaba, na chujio la stenilesi. Dawa ikawa bluu. Shamba la juu likaiva, na baadhi yenu mmekula nyanya zake.

Lakini msitoke hapa mkasema fundi kasema stenilesi inaweza yote. Nimeiacha kwenye jiki ya kufulia, ikatoboka vijitundu. Kila dawa ina chuma inachokiheshimu na chuma inachokila. Ndiyo maana leo mtu akiniagiza tangi, kabla ya kupima urefu namuuliza, "Utaweka nini humo?" Na kama sijui, naloweka kipande kwenye chupa, nasubiri.

Nawashukuru akina mama, ambao wangeweza kunifukuza, lakini wakanipa chai. Namshukuru Mungu aliyenitia udadisi, maana siku ile ndio ulionirudisha, aibu ilikuwa inanivuta kwenye lori. Kwenu ninaacha neno hili: ukiharibu, kaa uangalie umeharibuje. Mimi bado nitakosea, ndugu zangu. Ila nitakosea hapa hapa, mbele yenu, na nitatengeneza hapa hapa.