Nukta Nne za Kampamba Nsofwa

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 11 Machi 2014, Bana Kampamba, yaani mama yake Kampamba, alikesha kwenye benchi la hospitali mjini Ndola, akingoja habari za binti yake. Kila viatu vilipolia ukumbini, alisimama. Alfajiri muuguzi alitoka ameinamisha kichwa. Safari hii mama aliketi.

Kampamba Nsofwa alizaliwa Luanshya tarehe 2 Juni 1979, kifungua mimba wa mchimbaji. Alimaliza darasa la kumi na mbili hukohuko, akasomea ufundi Kitwe.

Mwaka 2002 aliajiriwa na kiwanda cha taa za kofia za wachimbaji. Kazi yake ilikuwa kuziwasha taa mpaka zife. Kila iliyokufa aliiwekea nukta kwenye karatasi: saa ilizoishi, na sehemu ya taa zote iliyokwisha kufa. Zilizokuwa bado zinawaka hazikupata nukta, ila alizihesabu. Nukta zikijipanga mstari, mtu anajua ni ngapi zitazimika kabla ya zamu kwisha. Mama alimtania kwamba anachora makaburi ya taa.

"Afadhali ifie mezani kwangu, Mama, kuliko kichwani kwa Katongo." Katongo ni mdogo wake, mchimbaji kama baba yao.

Aliolewa na Zebron Jere mwaka 2005. Kanisani Wangoni wa upande wa Zebron, watani wa Wabemba wa upande wa bibi harusi, walipiga kelele: "Mla nyani kapata mume!" Bibi harusi akajibu kutoka ndani ya shela: "Na mla panya kapata mpishi!"

Novemba iliyopita, nukta nne za mwanzo zilijitenga na mstari. Taa zilikuwa zinakufa changa. Meneja wake, Bwana Sichone, akamwambia, "Dada, hizo nne ni bahati mbaya tu. Zifute, tunyooshe mstari."

"Nyoosha taa, bwana. Mstari utanyooka wenyewe."

Hakutia saini karatasi ya kuruhusu taa zile ziuzwe. Alihamishiwa stoo kubeba katoni, ilhali figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Taa zikauzwa migodini. Mwezi Februari alilazwa, na hakurudi nyumbani.

Juzi jioni Bwana Sichone alifika msibani na shada la maua. Alinawa, akala nshima, ugali wa kwetu, kisha akaomba wasifu huu useme marehemu aliridhika na taa zile.

"Sentensi moja tu, Bana Kampamba. Marehemu hawezi kukataa."

Mama alihisi kinyaa, kama aliyekuta unywele ndani ya tonge.

"Akiwa mzima ulimnyamazisha. Leo ni maiti, unataka kumsemesha?"

"Tusigombane msibani, mama."

"Nani agombane na wewe? Beba maua yako, yananuka."

Basi na isomwe mbele ya jeneza: Kampamba hakuziridhia taa zile. Katongo anashuka chini Jumatatu. Asiivae taa hiyo, na mwenzake asiivae.

Ameacha mume wake Zebron, watoto wao Mwila na Temwani, mdogo wake Katongo, na mama aliyemzaa. Hawa hawajapata nukta, lakini wamo katika hesabu.

Jana Bwana Sichone aligonga tena. Mlango haukufunguliwa.

Kampamba na alale kwa amani.