Winchi Aenda kwa Wajomba

Benchi letu liko mbele ya jengo namba saba, hapa Aktau, upande ambao upepo wa bahari ya Kaspi hufika ukiwa umechoka kidogo. Alasiri tunakuwa wanne. Mimi ni fundi umeme mstaafu, wananiita Fyuzi. Profesa alifundisha jiografia miaka thelathini, na hata leo ukimuuliza habari za mgongo wake atakutajia mito. Bi Birika huteremka na chupa ya chai ya maziwa na vibakuli vyake kwenye kikapu, na ndiye mwenye kikao, maana chai yake ikiisha kila mtu anakumbuka kwao. Wa nne ni Shalabai, aliyeendesha winchi bandarini mpaka magoti yakakataa ngazi. Yeye alishuka, jina likabaki naye: Winchi.

Majira ya kuchipua mwaka huu Winchi alipigiwa simu kutoka Altai, mwisho kabisa wa nchi upande wa mashariki. Mjomba wake mkubwa, Baimurat, mwenye miaka tisini na mbili, alikuwa anataka kumwona mpwa wake kabla hajaondoka duniani. Hawakuwahi kuonana. Winchi ana miaka sitini na minane, na hajawahi kupanda ndege.

Tulimcheka. Mtu aliyekaa hewani maisha yake yote anaogopa ndege? Akatuambia shida yake si kwenda juu. Kwenye winchi mikono yake ilikuwa kwenye vyuma, na chuma kilimtii. Ndani ya ndege mikono ataiweka wapi?

Hapo ndipo kikao kilipochangamka, kwa sababu kwa desturi yetu mpwa akifika kwa wajomba zake ana haki ya kuomba mara tatu, na hawana ruhusa ya kumnyima. Miaka sitini na minane Winchi hajaomba hata sindano.

— Omba farasi, nikasema.

Profesa akasema farasi anaombwa na kila mpwa, hata mvivu.

— Huko kuna tai wa kuwindia. Omba tai.

— Na atampandishaje kwenye ndege? Bi Birika akauliza.

— Anakaa dirishani kama abiria mwingine, Profesa akajibu. Njiani atawaona wenzake.

Mimi nikaona nisishindwe, nikamwambia aombe msitu. Hapa tuna miti miwili, yote miwili inanyweshwa kwa mpira. Profesa akaupandisha msitu wangu kwenye mabehewa, akakokotoa yatahitajika mangapi, akapata treni ndefu kiasi kwamba kichwa chake kingefika Aktau mkia ukiwa bado Altai. Bi Birika aliacha kibakuli kipoe mkononi mwake.

— Ningekuwa mimi ningeomba wingu, akasema. Moja tu, lile zito. Ningekuja nalo taratibu.

Hakuna aliyemcheka. Wote wanne tulitazama juu, kwenye anga letu lisilokuwa na kitu, tukawa tunaliona wingu lile linavyokuja.

— Mimi nina ombi moja, Winchi akasema baadaye. Sijui kama nitapata ulimi wa kulisema.

Wenzangu hawakuelewa, lakini mimi nilielewa. Nilikua naye, na mkate wa mama yake nimeula. Mama huyo, Bi Kunjamal, alikuwa binti wa milima ya Altai. Alipokuwa na miaka kumi na tisa akatoroka na kijana wa kikosi cha wapima ardhi, akasafiri siku sita kwa treni na mbili kwa lori, akashuka kwenye jangwa hili ambalo siku hizo halikuwa hata na mji. Baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa kaka yake, Baimurat. Baimurat alimtumia ujumbe mmoja tu: mlango huu usiuguse tena. Bi Kunjamal aliandika barua, hazikujibiwa. Alifariki Winchi akiwa na miaka thelathini, na mlango wa kwao alikuwa hajaugusa.

Basi, Winchi akaenda. Siku tisa benchi lilikuwa pana. Siku ya kumi tukamkuta ameketi kabla yetu, kavaa kofia mpya ya manyoya ingawa joto lilishaanza. Bi Birika akammiminia chai bila kumuuliza kitu, naye akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ndoto na anaogopa isije ikamtoka.

Alisema ndege iliponyanyuka mikono yake ilitafuta vyuma, ikakosa, ikashika magoti. Kisha ikatulia yenyewe. Chini aliona chumvi nyeupe, kisha ardhi ya kahawia, kisha vivuli vya mawingu vikitembea nyikani kama makundi ya kondoo yasiyo na mchungaji. Saa nzima ikapita, na nchi bado ipo. Saa ya pili, bado ipo. Hakuwahi kujua kwamba mama yake alikwenda mbali kiasi hicho. Akaona reli, nyembamba kama uzi uliodondoka, na juu yake treni iliyoonekana kama imesimama.

Profesa alifungua mdomo, nadhani aseme kwamba kutoka juu vile treni haionekani. Bi Birika akamjazia kibakuli.

— Sikuwa nimelala, Winchi akasema. Wala siwezi kusema nilikuwa macho. Nilimwona dirishani mwa treni ile, msichana, kitambaa chekundu kichwani. Yeye anakuja huku, mimi naenda kule. Tukapishana.

Akabadilisha ndege mji mkuu, akashuka mji wa Oskemen, vijana wa ukoo wa mama yake wakampakia kwenye gari kwa siku nzima ya milima. Kijijini walikuwa wamejipanga barabarani, watu kama arobaini. Winchi alisema aliposhuka alishika mlango wa gari, kwa sababu wote walikuwa na uso wa mama yake. Mwanamke mmoja alikuwa na pua ya mama. Mwingine aliinua kidevu kama yeye kabla ya kucheka. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na macho yake yaleyale. Alipita kwenye mstari ule akimsalimia mama yake mara arobaini, na kila mara akikumbatiwa.

Baimurat alikuwa amekalishwa kwenye zulia, haoni tena. Alimpapasa Winchi paji la uso, mashavu, akafika kwenye kidevu, mkono ukasimama hapo. Chakula kikaletwa, kichwa cha kondoo, maandazi, asali ya milimani, na watu wakiendelea kula mzee akasema kama desturi inavyotaka:

— Mpwa wangu, umechelewa sana kudai chako. Omba.

Wajukuu walikuwa wameshafunga farasi mweusi nje, wakijua ndiye atakayeombwa. Winchi alisema mikono yake ilitafuta vyuma tena, kama ndani ya ndege.

— Mjomba, akamwambia, naomba umruhusu mama arudi nyumbani.

Watu wakaacha kutafuna. Mtu mmoja akaanza kusema kwamba marehemu ni wa Mungu, mwingine akamvuta mkono. Mafuta ya nyama yakaganda sahanini. Wakadhani mzee hakusikia, au amekasirika. Kisha akanyoosha mikono ainuliwe. Wajukuu wakataka kumwongoza, akawakataza, akaenda akipapasa ukuta kwa kiganja hadi mlangoni. Akaufungua kwa mkono wake. Nje kulikuwa na barabara, mto chini yake, na misonobari mpaka juu.

— Kunjamal, mzee akaita. Njoo ndani. Njoo, mdogo wangu, baridi hiyo.

Haikuwa baridi. Akasimama pale ameshika mlango, kama mtu anayempisha mgeni mwenye mizigo mingi. Hakuna aliyethubutu kumkalisha. Mlango ulibaki wazi alasiri yote, na wanawake wakaweka kibakuli kimoja cha chai mahali pasipokaa mtu.

Winchi aliishia hapo. Bi Birika alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Profesa alisema kwa sauti nzito kwamba hiyo ndiyo haki kamili, kwamba sasa Bi Kunjamal amefika, safari yake ya kurudi imekwisha. Mimi nikaongeza kwamba atakuwa amelala vizuri tangu siku ile. Tukawa tunamrudisha Bi Kunjamal, kila mtu kwa namna yake, huyu kwa treni, huyu kwa mawingu, na kila mmoja alimwona amefika.

Nyuma yetu alikuwa amesimama Marjan, mwanamke aliyehamia ghorofa ya nne mwezi uliopita, mfuko wa viazi mkononi. Alituomba radhi kwa kusikiliza. Yeye mwenyewe alitoka mbali, kusini, na hatujawahi kumuuliza kwa nini.

— Na yeye mama, akasema polepole, alitaka kurudi?

Profesa akanitazama mimi, kwa kuwa, ukimtoa Winchi, ndimi niliyemfahamu. Nilijaribu kumkumbuka. Nilimwona mlangoni pake, unga mikononi, anamcheka mumewe aliyeanguka na ndoo ya maji. Nilimwona jioni moja amesimama peke yake akitazama mashariki. Au pengine alikuwa anatazama nguo zake kwenye kamba, ambazo zilikuwa upande huohuo.

Winchi alivua kofia, akaigeuza mkononi, akaivaa tena. Kisha akasogea pembeni, akampisha Marjan akae.