Faraji Hakukatwa na Panga

Sogeeni, wanangu, na mlango uacheni wazi, anayesikiliza dirishani asije akapeleka habari nusu. Nyie watatu nimewazaa mwenyewe, najua kila mmoja anavyodanganya: Nassibu hukohoa, Shamimu huapa, Faraji hunyamaza.

Nyumba hii ya Kimara ni yenu wote na isiuzwe, kodi ya wapangaji imsomeshe mtoto wa Faraji mpaka amalize, na wewe Nassibu usiniletee habari za ukubwa wako. Kanga zangu achukue Shamimu, ingawa ana la kunijibu. Nililowaitia hasa ni mkono wa Faraji.

Mtaa mzima unajua mkono ule uliliwa na mashine ya kusaga plastiki kiwandani kwa Sadallah, kule Kibamba, saa za kazi, mwanangu akiwa na aproni yao kifuani. Sasa muuza mihogo, ambaye hajawahi kunidanganya isipokuwa kuhusu umri wake, ananiambia habari inayotembea ni kwamba Faraji alikatwa na panga akipasua nazi hapa uani kwangu. Nazi gani? Tangu presha inipande nazi naisikia kwa jirani tu! Alipokuja Sadallah na machungwa yake nikamuuliza, akanipapasa goti: "Mama, sie familia, mambo ya maofisini ya nini? Faraji mwenyewe hakuvaa glavu, tena kibarua tu yule, hana mkataba. Mie nitamtunza." Nikamwambia Mungu amzidishie, huku nageuza machungwa. Ya chini yote yameoza.

Kesho yake nikapanda bajaji na presha yangu mpaka kwa watu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Dada mmoja akaniamkia, akanipa kiti, akaniambia: "Bibi, kibarua naye ni mfanyakazi. Hata kama hakuvaa glavu, kaumia kazini. Anayeuchangia Mfuko ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu. Bosi asipotoa taarifa, aje mwenyewe na vyeti vya hospitali na shahidi, madaktari wampime ulemavu wake. Ila asiache mwaka upite tangu siku ya ajali."

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale machungwa. Huyu bwana watu wake hajawaandikisha, anaogopa kuulizwa, kwa hiyo anataka ajali ihamie uani kwangu na mwaka upite kimya kimya. Mwaka wenyewe unatimia kesho, Ijumaa. Na mie ninakufa. Mnadhani anakuja kunijulia hali kila siku kwa mapenzi? Juzi nilijifanya nimelala, nikamsikia anamnong'oneza muuguzi: "Atafika Ijumaa huyu?" Kisha mkamsifu, nyie wajinga, alipoahidi sanda, mabasi na ng'ombe wa hitima! Aliyekuzikia mama utamshitaki kwa uso gani? Na nani atatoka matangani kwenda ofisini, majirani wasimseme?

Shamimu, friji ile mpya kakununulia nani? Usiape. Nimekuuliza, sijakuapisha. Umelia, basi, nimejibiwa. Kairudishe, na kwa muuza mihogo useme mwenyewe kwamba hapakuwa na panga wala nazi, maana maneno yalitokea kwako.

Na wewe Faraji unayenyamaza, najua unajiambia Sadallah ndiye anayelipia dawa za mama. Dawa hizi nimeacha kuzimeza tangu Jumatatu. Usinitolee macho, daktari mwenyewe alishainua mabega. Hisani ya mtu huisha siku aliyonuna, lakini hiki cha Mfuko ni chako, mwanangu, umekilipa kwa nyama yako, na wenzako waliobaki kwenye mashine ile wanakuangalia wewe.

Nipeni maji... basi, yametosha.

Sanda nimeshanunua, iko kwenye sanduku. Ng'ombe wa Sadallah akija mrudisheni na kamba yake. Hitima yangu iwe maandazi na chai ya rangi, na atakayelalamika njaa mjue alikuja kula. Asipewe kipaza sauti mtu yeyote mwenye kiwanda.

Nassibu, acha kukohoa. Wewe utabaki hapa unisomee Yasini, polepole, usirukeruke.

Ile bajaji inayonguruma nje nimeiita mie. Ndani yake yuko Marselino, yule aliyezima mashine siku ile, kakubali kusema alichokiona. Vyeti unavyo. Ofisi... zimeshafunguliwa. Faraji, vaa viatu. Hapana, usikae. Usinishike mkono, ukinishika hutaondoka, na mie nitakung'ang'ania, nakujua, najijua. Radhi yangu unayo, nimekupa yote, hukubakiza deni kwangu... Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha. Ukirudi ukanikuta, utanisimulia. Usiponikuta... nenda tu.

Shamimu, mwanangu, futa machozi... Kaka yako hawezi kufunga kamba za viatu. Mfunge. Kaza... kaza vizuri, asianguke njiani.