Jina la Adija Lililotoka Kwenye Daftari Letu

Mgeni rasmi, Mama Nura, wewe unayesaidia vyama vya hisani kupata watu wa kuaminika katika mambo ya akili bandia. Mwenyekiti wetu Bi Miza. Majirani wa Bwiza: amahoro, na amani ya Mungu iwe juu yenu.

Kabla ya kukukaribisha, tukuambie anachodai jirani yetu Seifu, fundi wa pikipiki. Seifu anaapa kwamba simu ya katibu wetu Yasmina ilikuwa ndani ya kabati, ikaanza kutaja majina ya watu peke yake. "Mi nimesikia na masikio yangu mbili!" Bi Miza alimjibu pale pale: "We Seifu, pikipiki ya bwana yangu imekushinda wiki mbili, leo umekuwa fundi ya telefone?"

Haikuwa hivyo, Mama. Simu haikujisemea. Sisi ndio tulioiambia. Karibu sana, ukae, usikie ilivyokuwa.

Tulikotoka

Sisi ni wanawake kumi na wanne, na huu ni mwaka wa tisa. Tunapeleka chakula kwenye nyumba zilizopungukiwa, lakini kwa sitara, yaani bila kumwaibisha mtu. Tunabeba sahani iliyofunikwa kitambaa, kama mtu anayemrudishia jirani sahani yake. Hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo anayetuona njiani hana la kuuliza. Majina yamo katika daftari moja tu, na Yasmina hulilaza chini ya kanga zake.

Kosa letu

Ramadhani ilipokaribia, tulihitaji barua ya Kifaransa kwa wafadhili. Yasmina aliishia darasa la sita kama wengi wetu, na barua za namna hiyo zinamtoa jasho. Akapiga picha ukurasa wa daftari, akaipa ile akili bandia ya kwenye simu, akaomba barua. Uji ulikuwa haujachemka, barua ikatoka. Alipotufasiria, tulilia. Machozi yakatusahaulisha kukagua.

Barua ilimtaja Adija, muuza sambusa. Ilisema anakunywa dawa za kifua. Ilisema anaombaomba barabarani. Dawa zilikuwamo kwenye daftari. Kuomba hakukuwamo, mashine ilijiongezea. Tukaituma kwa wafadhili, nao wakawatumia wengine; ikapita simu kwa simu, na Ijumaa ikafika pale Adija anapokaangia. Mteja mmoja akairudisha sambusa kwenye sinia.

Yasmina alikwenda na sahani mpaka mlangoni. Adija hakufungua.

"Mi niliomba barabara gani, Yasmina? Nitajie."

Yasmina alisimama mpaka chakula kikapoa, akakirudisha nyumbani. Tangu siku ile Adija hapokei kitu chetu, na sambusa zake hazinunuliwi kama zamani.

Uliyotufanyia

Mama Nura, ulikuja ukakaa nasi mkekani alasiri mbili, hukutuuzia kitu wala kutucheka. Ulimwambia Yasmina: usiipe mashine neno ambalo huwezi kulisema kwa sauti mbele ya duka la Mzee Hamoud, pale mtaani watu wanapojaa, na barua yoyote isomwe na watu wawili waliolishika daftari. Tulipokuuliza jambo gumu, ulisema, "Hilo silijui, nitamuuliza anayejua." Hapo ndipo tulipokuamini.

Kisha akaja kijana Haitham, mwenye kompyuta nzuri. "Mnipe daftari yote, nitawapangia bure." Yasmina, kama ulivyomfundisha, akamuuliza: litakaa wapi, nani atalisoma, na tukilitaka lifutwe utalifuta vipi? Haitham alimaliza chai yake, akaaga. Wewe ukatuletea dada mmoja anayeijua kazi hiyo, naye aliyajibu yote matatu, tena akakataa kuliona daftari. Leo barua zetu anatusaidia yeye, na hazina jina la mtu.

Maombi

Tunaomba tuwe na mtu wa kumpigia simu, anayesema Kiswahili, kabla hatujatuma kitu. Wenzetu wa mitaa ya Mutanga Nord na Mutanga Sud nao wanatumia akili bandia hiyohiyo, na hawana wa kumuuliza, uwapitie.

Ombi jingine si letu. Jana Yasmina alimsomea Adija risala hii, mlango umefungwa. Tulitaka kulitoa jina lake. Adija akasema, "Apana, mulitaje. Lilishatembea bila ruhusa, sasa litembee na ruhusa yangu." Halafu akasema, "Mumuulize huyo mama: jina langu, na lile neno la kuomba, vimetoka mule ndani ya mashine ao vingali mule? Nikijibiwa, nitafungua."

Nyumba yake si mbali, Yasmina yuko tayari kukupeleka. Tunaomba umjibu mwenyewe.

Mungu akulinde pamoja na wote ambao siri zao ziko mikononi mwako.

Ni sisi,
Akina Mama wa Sitara, Bwiza