Mkunga Aliyedai Vitanda Sita

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha uani cha nyumba yetu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama alizaa wanane, wavulana wanne na wasichana wanne. Yeye alikuwa wa tano, na mdomo wake ulimtangulia kutembea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958, akafuzu ukunga mwaka 1971. Januari iliyofuata aliajiriwa wodi ya wazazi ya hospitali yetu, akakaa humo miaka thelathini na tisa. Enzi hizo mzazi alipewa kitanda chake na siku tatu za kupumzika. Akiruhusiwa, mkunga alimbebea mtoto na kumsindikiza hadi langoni. Siku hizi mzazi hutoka siku ileile, akishika ukuta.

Mwaka 1976 aliolewa na fundi saa, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2004. Walijaliwa watoto wawili. Yeye na dada zake watatu walikuwa wamekubaliana: wawili wawili, basi.

Mwaka 1998 alikuja afisa na karatasi zake, akaamuru vitanda sita vya wodi vipelekwe ghalani.

“Mama mkunga, zamani mwanamke alizaa wanane, leo wawili. Vitanda vyote hivi wakalale paka?”

“Mzee, mama yangu alizaa wanane. Sisi mabinti zake wanne tumezaa wawili wawili. Hebu jumlisha.”

Afisa akaanza kuhesabu kwa vidole.

“Ni wanane walewale. Wasichana niliowapokea juzi ndio wazazi wa leo, na wako wengi. Tena mama mwenyewe hajaenda popote. Yuko nyumbani, anadai chai.”

Watu walicheka. Vitanda vikabebwa.

Aliandika barua kumi na saba kuvidai. Wazazi wakaanza kulala wawili kitanda kimoja, kisha wakafurika hadi wodi ya kina mama wagonjwa. Alipostaafu mwaka 2011 aliendelea kuandika. Hakuna aliyejibu. Wakubwa wa leo hawasomi barua, achilia mbali kuzijibu.

Kisukari kilimla figo polepole. Tarehe 2 Juni 2023 alilazwa katika wodi hiyo ya kina mama, juu ya godoro sakafuni. Muuguzi wa zamu alikuwa msichana ambaye marehemu mwenyewe alimpokea alipozaliwa mwaka 1996.

“Bibi, nisamehe. Vitanda vimejaa wazazi.”

“Najua, mwanangu. Na wewe una watoto wangapi?”

“Mmoja tu, bibi.”

“Eeh. Kila mtu ananiambia mmoja tu, na mimi niko chini.”

Kaka yake mkubwa alikwenda kwa mganga mkuu kuomba kimoja kati ya vile sita. Aliambiwa ufunguo wa ghala umepotea.

Alifariki tarehe 9 Juni, saa kumi alasiri, palepale sakafuni, akiwa na miaka sabini na miwili. Waliomtoa walipita naye mlango wa nyuma. Yeye aliyewasindikiza maelfu hakufikishwa langoni.

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, ndugu watano, na vitanda sita vinavyoliwa na kutu.

Apumzike kwa amani, na huko aendako apewe kitanda chake peke yake.